Inchi gani zitatangulia katika safari za angani?



Jumamosi moja ya muhula huu, nyuma ya chakula cha jioni, mdogo mmoja wa mwaka wa pili aliniuliza: « Kapita, inchi gani itakuwa ya kwanza huko juu angani? » Mbele nijibu, wengine walikwisha kuanza kubishana. Huyu anasema Marekani, huyu Uchina, na mmoja akacheka: « Sisi hapa hata umeme unakatika kila jioni, we unauliza mambo ya mwezi! » Saa ya kulala ikafika, mimi mwenyewe njo nilipashwa kupiga kengele, na swali likabaki vile. Sasa ninalijibu hapa.

Tuanze na wale wanaojulikana. Warusi njo waliofungua njia: Sputnik, tarehe 4 Oktoba 1957, kisha Gagarin, mtu wa kwanza kuzunguka dunia, tarehe 12 Aprili 1961. Wamarekani wakawapita kwa mwezi: watu wao 12 waliukanyaga kati ya 1969 na 1972. Leo Warusi wamerudi nyuma. Katika Agosti 2023 chombo chao Luna-25 kiligonga mwezi na kuvunjika. Mimi siwaweki tena mstari wa mbele.

Marekani ingali na nguvu. Mwaka 2024 NASA, shirika lao la anga, ilipewa karibu dola milioni elfu 25, na kampuni moja ya kule, SpaceX, ilirusha roketi zaidi ya mara 130 katika mwaka ule mmoja. Tangu Desemba 2015 kampuni ile imejua kurudisha kipande cha chini cha roketi kikiwa kimesimama wima. Kinatengenezwa, kinatiwa mafuta, kinaruka tena. Zamani ilikuwa sawa na mtu anayefikisha mizigo Lubumbashi kisha anatupa lori.

Wachina walianza nyuma. Satelite yao ya kwanza ni ya 1970, mtu wao wa kwanza, Yang Liwei, alipanda mwaka 2003. Lakini angalieni: Januari 2019 chombo chao kilitua upande wa nyuma wa mwezi, ule ambao sisi hapa chini hatuuoni kamwe, na Juni 2024 chombo kingine kilirudisha udongo wa upande ule, karibu kilo 2. Mbele yao hakuna aliyefanya vile. Wamesema watu wao watafika mwezini mbele ya mwaka 2030. Mtu akinilazimisha kutaja jina moja, nitataja Uchina, sababu mipango yao haigeuki kila mara rais anapogeuka, sawa ilivyo kule Marekani.

Basi jibu la mdogo wetu limekwisha? Hapana. Wa tatu kwangu ni India, na juu ya India nataka kukaa kidogo.

Mwanzo wa miaka ya 1960 Wahindi walitafuta mahali pa kurushia roketi ndogo. Walipata Thumba, kijiji cha wavuvi, na katikati ya kiwanja lilisimama kanisa. Mkubwa wa kazi ile, Vikram Sarabhai, alienda kwa askofu kuomba. Kanisa likatolewa, likawa ofisi, na nyumba ya askofu ikawa pahali pa kazi ya mafundi. Vipande vya roketi vilibebwa kwa kinga, ndiyo, kinga hii hii ya kubebea makaa. Roketi ya kwanza, ya tarehe 21 Novemba 1963, ilikuwa ya Wamarekani. Lakini mikono iliyoiunganisha ilikuwa ya vijana Wahindi waliotumwa kwanza kujifunza. Mmoja wao, Abdul Kalam, mtoto wa mwenye mashua, nyuma alikuwa rais wa inchi.

Agosti 1979 roketi yao wenyewe ilianguka baharini. Julai 1980 ya pili ikafika, ikaweka satelite. Septemba 2019 chombo chao kikavunjika juu ya mwezi. Tarehe 23 Agosti 2023 kingine kikatua salama karibu na kusini kabisa ya mwezi, siku chache tu nyuma ya kuanguka kwa Luna-25 ya Warusi. Safari ile iligharimu karibu dola milioni 75. Hamuoni gisi feza peke yake haitoshi kueleza jambo hili?

Sasa mtasema: Kapita, hayo ni ya Wahindi. Basi mjue ya kwetu, ambayo wengi hapa shuleni hawajayasikia. Kwanza somo dogo. Dunia inajizungusha, na mtu aliyesimama kwenye ikweta anabebwa kwa mwendo wa kilometa 1,670 kwa saa bila kujua. Ukienda kaskazini ao kusini, mwendo unapungua: zidisha 1,670 kwa cosinus ya latitude. Baikonur, pale Gagarin aliporukia, ni digri 46, kwa hiyo inabaki karibu 1,160. Roketi inahitaji karibu kilometa 28,000 kwa saa ili izunguke dunia, na mwendo wa dunia unaisaidia bure. Kwa hiyo inchi za ikweta ni mali kwa watu wa roketi. Ni sababu ile iliyowapeleka Waitalia Malindi, Kenya. Pale, tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, satelite ilirushwa ikaitwa Uhuru.

Na ni sababu ile iliyoleta Wajerumani kwetu. Kampuni yao OTRAG, ya Lutz Kayser, ilipatana na serikali ya Zaire, ikapewa eneo la kilometa za mraba 100,000 katika Shaba, ni kusema zaidi ya mara tatu ya Burundi yote! Kutoka uwanda wa juu wa mto Luvua, digri 8 kusini, walirusha roketi tarehe 17 Mei 1977, kisha 20 Mei 1978. Ya tatu, tarehe 5 Juni 1978, ilipotea njia na kuanguka mbele ya macho ya Rais Mobutu. Mwaka 1979, sababu ya maneno ya inchi zingine, serikali iliwaambia waache. Wakahamia Libya.

Wahindi nao walianza na roketi ya wageni, na zao pia zilianguka. Tofauti naiona hapa: kule Thumba, mgeni akienda, fundi anabaki. Luvua, mgeni alipoenda, alienda na hesabu zake.

Lakini si kusema hakuna aliyejaribu nyuma. Mhandisi Jean-Patrice Keka alirusha roketi zake Troposphere kutoka Menkao, karibu na Kinshasa. Ya 2008 ilipanda. Ya 2009, iliyobeba panya, ilipotea njia. Watu walicheka juu ya panya yule. Mimi sikuweza kucheka.

Mwaka huu sisi wa math-fizike katika mwaka wa sita tuko 7 tu, na wadogo wanatukimbia wakisema ni sehemu ya kuanguka mitihani. Basi Jumatano saa kumi, wanaotaka waje katika darasa letu na daftari. Latitude ya shule tutaisoma kwenye karte ya ofisini, na tutatafuta dunia inatubeba kwa mwendo gani hapa tulipo. Mdogo aliyeuliza swali njo atakayeandika ubaoni.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita