Nakala nane, wanafunzi sitini

Mwalimu wa fasihi ya Kiingereza akifungua kabati la vitabu mwezi Januari, mara nyingi hukuta hali ileile: nakala nane za tamthilia, mbili hazina jalada, moja inaanzia ukurasa wa 11, na darasani wamekaa wanafunzi 60 wa kidato cha tatu wanamsubiri. Somo wao huliita litricha, na sifa zake wamekwisha kuzisikia kwa kaka na dada zao: litricha ni kukariri.

Basi mambo huenda kama yalivyozoeleka. Kijitabu cha uchambuzi kinanunuliwa steshenari, mwalimu anajaza ubao dhamira, wahusika na mafunzo, darasa linanakili. Novemba ya mwaka unaofuata, mtahiniwa anaeleza tabia ya Sidi, mhusika wa tamthilia hiyo, vizuri kabisa, ilhali hajasoma hata sentensi moja aliyoitamka Sidi.

Simlaumu mwalimu huyo; nakala ni nane. Ninachosema ni kwamba hizo nane zinatosha kuanzia, na kwamba kila zana unayotaka kuongeza, iwe manila, simu, filamu au kijitabu, ipimwe kwanza kwa swali moja: inamrudisha mwanafunzi kitabuni, au inamwondolea haja ya kukifungua?

Anza na hesabu. Nakala nane ni makundi manane ya wanafunzi saba au wanane. Kwa tamthilia hilo si tatizo hata kidogo, maana tamthilia imeandikwa isikike. Kundi moja linasoma kwa sauti, mengine yanafuata kwa macho, na mhusika anabadilisha msomaji kila baada ya kurasa mbili ili kitabu kisiwe mali ya yule mwenye Kiingereza kizuri. Riwaya ndiyo yenye kazi. Hapo panahitajika zamu ya kulala na kitabu, daftari la kusaini, na kiranja asiyeogopa rafiki zake. Shule za bweni zina bahati ya prepo: dakika 20 za kwanza mtu mmoja asome, wengine wasikilize, kabla hawajafungua hesabu.

Manila nayo haijapitwa na wakati. Andika kwa maka peni dondoo moja ya mistari ishirini hivi, herufi kubwa, siku moja kabla ya kipindi. Usiibandike kwa gundi ya karatasi kwenye ukuta wenye vumbi, itaanguka katikati ya somo na darasa zima litacheka. Funga kamba dirisha hadi dirisha, uibane kwa vibanio vya nguo. Faida yake ni kwamba macho 120 yanatazama mstari mmoja kwa wakati mmoja. Mwite mwanafunzi apigie mstari neno linaloonyesha kwamba msemaji anadanganya, au ana hofu, au anajisifu. Hapo uchambuzi umeanza bila mtu kutaja neno dhamira.

Tuchukue kitabu kimoja tukione kwa karibu. The Lion and the Jewel ya Wole Soyinka ilichezwa Ibadan mwaka 1959, na imekaa miaka mingi katika orodha ya vitabu teule vya sekondari Tanzania. Hadithi nzima inapita siku moja, asubuhi, adhuhuri na usiku, katika kijiji cha Ilujinle huko kwa Wayoruba. Lakunle, mwalimu wa shule, anamtaka Sidi lakini hataki kutoa mahari, anaiita ushenzi. Sidi hakubali kuolewa bure, watu watamsema. Baroka, mtawala wa kijiji mwenye miaka 62, anamtaka Sidi huyohuyo, na ana ujanja kuliko vijana wote wa pale.

Zana ya kwanza ya tamthilia hii haihitaji kununuliwa: gazeti lenye picha. Mpiga picha mgeni amerudi na gazeti ambamo Sidi amejaa ukurasa hadi ukurasa, na Baroka amewekwa kipicha kidogo pembeni, karibu na choo. Kichwa cha Sidi kinavimba kuanzia hapo. Leta gazeti lolote la zamani, hata kalenda ya duka la vipodozi, umpe mwanafunzi mmoja azunguke nayo darasani akijitazama, akiwapita wenzake kama hawaoni. Ukimaliza, waulize: huyu sasa atamjibuje mzee anayemposa? Watakujibu kwa kelele. Ndipo wafungue kitabu waone Sidi amejibuje.

Zana ya pili ni miili yao. Mapema katika tamthilia, wanakijiji wanaigiza kwa ngoma safari ya yule mgeni ambaye gari lake lilimharibikia porini, na wasichana wanne wanakuwa magurudumu ya gari. Igizo hilo halihitaji Kiingereza cha ziada. Toa madawati mbele, chagua magurudumu manne, dereva na mpiga meza kama ngoma. Gurudumu moja likipata pancha darasa litafurahi, liache lifurahi. Kisha mrudi kwenye maelezo ya jukwaani, ambayo kwa lugha ni magumu kuliko mazungumzo yenyewe, na ambayo wanafunzi wengi huyaruka. Safari hii watayasoma wakijua yanachokisema, kwa sababu wamekwisha kuyafanya.

Zana ya tatu itawakunjisha uso baadhi ya walimu wenzangu: Kiswahili. Mwanafunzi wa shule ya serikali Tanzania amesoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili. Ukimtaka abishane kuhusu mahari kwa Kiingereza mwezi Februari wa kidato cha tatu, atanyamaza, nawe utadhani hana hoja. Mpe dakika saba abishane kwa Kiswahili: Lakunle anakataa mahari kwa ajili ya heshima ya mwanamke, au mfuko wake umetoboka? Baada ya hapo kila mmoja aandike sentensi mbili za Kiingereza na namba ya ukurasa unaomuunga mkono. Namba ya ukurasa ndiyo sharti, bila hiyo ni porojo. Na wakifika sehemu ya usiku, watakapoona Lakunle anavyochangamka kusikia kwamba huenda mahari haitahitajika tena, wengine watataka kufuta walichoandika. Wasifute, waandike chini yake.

Kazi hiyo ina daftari lake, tofauti na daftari la notisi. Upande wa kushoto mwanafunzi ananakili maneno mafupi kutoka kitabuni, kulia anaandika swali au maoni yake. Mwalimu hana haja ya kusahihisha madaftari 60 kila wiki. Asome sita, achague swali moja zuri, aanze nalo kipindi kinachofuata na kumtaja mwenye swali.

Ushairi unaogopwa zaidi, nadhani kwa sababu unafundishwa kama orodha ya tamathali za semi. Song of Lawino ya Okot p'Bitek, iliyotoka mwaka 1966, ni malalamiko ya mke wa Kiacholi ambaye mumewe, Ocol, amemdharau yeye na mila zake, akamfuata Clementine anayejipodoa kizungu. Mwanafunzi wa Tanga, Mombasa au Unguja anaijua sauti hiyo tangu utotoni, ameisikia kwenye taarabu na uani kwa shangazi zake. Kwa hiyo leteni khanga nne tano kutoka nyumbani, mzisome majina yake, kisha kila kundi lichague khanga ambayo Lawino angejifunga siku ya kupita mbele ya Clementine, na lionyeshe kitabuni ubeti unaostahili khanga hiyo. Kubishana kutakuwepo. Tahadhari moja tu: Lawino si mwanamke wa pwani. Anachokitetea ni ngoma, vyakula, nywele na imani za Waacholi wa kaskazini mwa Uganda, na baada ya khanga lazima darasa liulizwe ni vitu gani hasa anavisifu, la sivyo mtakuwa mmejisoma wenyewe.

Kuna hazina nyingine ambayo walimu wa Kiingereza huisahau kwa sababu imo kabati la Kiswahili: tafsiri. Julius Nyerere alitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare, ikatoka mwaka 1963, halafu Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Samuel Mushi alitafsiri Makbeth mwaka 1968. The Black Hermit ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyochezwa kwa mara ya kwanza Kampala mwaka 1962, ipo kama Mtawa Mweusi. Things Fall Apart ya Chinua Achebe ipo kama Shujaa Okonkwo. Na The Trials of Brother Jero ya Soyinka ipo kama Masaibu ya Ndugu Jero. Madukani hazipatikani kirahisi, ulizia maktaba kongwe na wauza vitabu vilivyotumika.

Ukimpa mwanafunzi tafsiri nzima, hatagusa Kiingereza. Mpe nusu ukurasa wa lugha zote mbili aseme mfasiri amebadili nini. Wakati mwingine jina la kitabu peke yake linatosha kipindi kizima. Kwa Kiingereza, anayetajwa katika jina la The Merchant of Venice ni mfanyabiashara mmoja. Kwa Nyerere, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, amekuwa mabepari, na wengi. Waulize wanafunzi: mfasiri amekosea, au anatuambia kitu? Na mwenye tamthilia, je, bepari wake ni Antonio au Shylock? Sijaona darasa lililokosa la kusema hapo.

Mtandaoni kuna vingi vya bure na vya halali kuliko tunavyodhani. Project Gutenberg, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1971, ina vitabu vya kale vilivyokwisha muda wa hakimiliki. LibriVox, tangu mwaka 2005, ina vitabu vya aina hiyo vilivyosomwa kwa sauti na watu wa kujitolea. Maktaba ya Folger huko Washington imeweka matini za tamthilia za Shakespeare bure. Shule isiyo na intaneti inaweza kutumia programu ya Kiwix: mtu mmoja anapakua mjini, anarudi na vitabu vya Gutenberg kwenye flashi, vinasomeka kwenye kompyuta ya shule bila bando.

Humo hutawakuta Soyinka, Ngũgĩ wala Okot. Tanzania na Kenya, kazi ya mwandishi hulindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Okot alifariki mwaka 1982, kwa hiyo Song of Lawino ina mwenyewe hadi mwisho wa 2032. Lile faili la kitabu linalozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya walimu, mara nyingi halina ruhusa ya mtu. Dondoo la manila halimuumizi mwandishi. Kitabu kizima kilichotolewa fotokopi, kikabanwa na kuuziwa wanafunzi, huo ni wizi, hata kama muuzaji ni mwalimu wa taaluma.

Kwa sauti, simu moja na spika ndogo ya kuchaji vinatosha. Wasomaji wa LibriVox wengi wana lafudhi za mbali, na kwa Shakespeare si vibaya, lakini kwa vitabu vya Afrika nashauri ujirekodi mwenyewe, au mwenzako mwenye sauti nzuri, dakika kumi kumi. Wanafunzi wasikilize vitabu vikiwa mbele yao, siyo wamelalia dawati. Filamu zije baada ya kusoma, na zije vipandevipande.

Kuhusu akili mnemba: Shakespeare inamjua sana. Kwa tamthilia na riwaya za Afrika zisizosomwa Ulaya na Marekani, jihadhari. Niliiuliza programu moja kuhusu riwaya inayofundishwa shuleni kwetu, ikanitolea mhusika mwenye jina, kazi na hata mke, ambaye hayumo kitabuni. Nikalichapa jibu lote na kulipeleka darasani kama zoezi: tafuteni makosa, kila kosa na ukurasa wake. Walipata tisa, mimi nilikuwa nimeona sita.

Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya TUKI, ya mwaka 1996, iwe juu ya meza ya mwalimu, si ndani ya kabati. Mitihani iliyopita ifunguliwe muhula wa pili wa kidato cha nne, kabla ya hapo inazaa kukariri. Maswali mengi ya mtihani wa Tanzania humtaka mtahiniwa atumie vitabu viwili kwa pamoja, kwa hiyo yale madaftari yenye namba za kurasa ndiyo yatakayomwokoa. Kenya, fasihi imeunganishwa na somo la Kiingereza na vitabu teule huulizwa katika karatasi ya tatu ya KCSE, lakini kazi ya darasani haibadiliki.

Yamebaki mambo ya kabati. Vikisharudi, vitabu vyote vivishwe kaki, viandikwe namba mgongoni, na daftari la kuazima lionyeshe namba, siyo jina la kitabu pekee. Ile nakala inayoanzia ukurasa wa 11 isitupwe. Wape wanafunzi wawili wenye mwandiko unaosomeka wanakili kurasa zilizokosekana kutoka nakala nzima, pande zote mbili za karatasi, kisha mwenye sindano azishonee mwanzoni kwa uzi wa gunia.