Ramadhani, siku ya 27: Safari ya Idi na kikohozi



Idi imekaribia, na vijana wetu walioko Dar wameshaanza kuulizia basi la kuja huku Lugarawa kupitia Makambako. Kuunga undugu ni ibada, hilo halina ubishi. Ila kumbuka Ramadhani ya 2020, ile ya korona. Kenya misikiti ilifungwa, na Nairobi na Mombasa hakuna kutoka wala kuingia. Kwetu shule zilifungwa, lakini misikiti na barabara vikaachwa wazi. Kila mtu aamue mwenyewe. Hapo ndipo pagumu.

Sayyidna Umar alikuwa njiani kwenda Sham akaambiwa kuna tauni. Akaamua kurudi. Abu Ubayda akamuuliza, je, anaikimbia kadari ya Allah? Akamjibu kwamba anatoka kwenye kadari ya Allah anaenda kwenye kadari ya Allah. Ndipo Abdurrahman bin Auf akawaeleza alivyomsikia Mtume (s.a.w.) akikataza kuingia penye tauni, na aliyemo asitoke kuikimbia.

Sasa wewe unakohoa tangu juzi, na bibi yako huku ana pumu. Piga simu, mwambie ukweli, mtumie hela ya sukari na mchele. Atanuna kidogo, ndiyo. Ukipona njoo; Shawwal ni mwezi mzima.