Asiyepiga Kura Naye Huhesabiwa

Wengi hudhani ya kuwa mgeni aingiaye Marekani bila kibali huharibu uchaguzi kwa kura yake. Lakini sheria ya mwaka 1996 yamkataza asiye raia kupiga kura katika uchaguzi wa taifa, na wanaothubutu ni wachache mno. Jambo lenyewe limo katika hesabu ya watu. Kila miaka 10 wakazi wote huhesabiwa, raia na wasio raia, ndipo majimbo yagawiwe viti 435 vya Baraza la Wawakilishi. Hivyo mwosha vyombo wa Los Angeles, asiye na kibali wala kura, huiongezea California uzito. Majimbo yenye wageni wachache hunung'unika, wala si bila sababu. Lakini Katiba, tangu mwaka 1868, yaagiza wahesabiwe watu, si raia peke yao.