Ngamia na Mdiria

JUMATANO

Soma Ayubu 12:7–10. Ayubu anawaelekeza rafiki zake kwa walimu gani, na walimu hao wanashuhudia nini?

______________________________

Rafiki za Ayubu walijua mafundisho mengi, lakini walimpima mwenzao vibaya. Naye akawapeleka kwa wanyama na ndege. Twende nasi hadi Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya, ambako jangwa hukutana na maji.

Ufukweni yuko ngamia. Nundu yake haikubeba maji, kama wengi wanavyodhani, bali mafuta, akiba ya siku za njaa. Upepo wa mchanga ukivuma, hufunga pua zake, na safu mbili za kope hulinda macho. Joto la mwili wake hupanda mchana na kushuka usiku, hivyo hapotezi maji mengi kwa jasho. Afikapo kisimani na kiu ya siku nyingi, aweza kunywa lita 100 kwa muda mfupi.

Juu ya maji yuko mdiria, yule mweusi na mweupe. Husimama hewani akipigapiga mabawa, kichwa kimetulia, kisha hujitupa majini mdomo mbele na kuibuka na samaki. Samaki mdogo humeza akiwa angali anaruka, kwa hiyo aweza kuvua mbali na ukingo. Tena, dume asiye na mwenzi mara nyingi huwasaidia wazazi wake kulisha makinda.

Yupi ni bora? Mpeleke mdiria nyikani pasipo maji, atakufa. Mwambie ngamia avue samaki, atakutazama tu.

Hata hivyo, kanisani swali hilo tunaliuliza. Niliwahi kukaa katika kamati ya uchaguzi iliyompita dada mmoja kwa kuwa “hana moto.” Nami nilinyoosha mkono. Mwaka huo mama mmoja aliugua miezi mingi. Sisi wasemaji tulimtembelea mara moja, tukaomba, tukaondoka. Dada yule alikwenda kila jioni, akamwogesha na kumpikia uji hadi alipolala mauti. Tulikuwa tumetafuta mdiria, tukamdharau ngamia.

Soma 1 Wakorintho 12:14–21. Paulo anasema nini kwa kiungo kinachojidharau? Anasema nini kwa kile kinachodharau kingine?

______________________________

Ni nani katika darasa lako ambaye karama yake haionekani jukwaani? Utafanya nini kabla ya Sabato ili ajue kwamba mwili unamhitaji?