Mtoto Akilia kwa Vipindi na Kutapika, Usingoje: Ugonjwa wa Utumbo Kuingiliana

Ni ugonjwa gani?
Kipande cha utumbo huingia ndani ya kipande kinachofuata, kama mkono wa shati uliojikunja kwa ndani. Chakula hakipiti, damu haifiki, utumbo huanza kuoza.

Humpata nani?
Zaidi watoto wachanga wa miezi 4 hadi 10, hata wanene wenye afya njema.

Husababishwa na nini?
Mara nyingi chanzo hakijulikani. Wengine huanza baada ya mafua au kuharisha. Kwa mtoto mkubwa, pengine kuna kinyama kilichoota ndani ya utumbo. Si mchango, si jicho la watu, wala mtoto hakubemendwa. Mama asilaumiwe.

Je, husababishwa na chanjo ya rota?
Utafiti uliofanyika katika nchi 7 za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo, haukuona chanjo hiyo ikiongeza ugonjwa huu. Chanja mtoto.

Dalili
- Analia ghafla kwa nguvu huku amekunja miguu, ananyamaza, kisha baada ya robo saa hivi anaanza tena.
- Anatapika, baadaye matapishi huwa ya kijani.
- Analegea, hataki kunyonya.
- Anatoa ute wenye damu. Usingoje kuona damu, ikionekana, mmeshachelewa.

Kinachoua ni kungoja
Leo mtoto analia, anachemshiwa mizizi ya mchango. Kesho anatapika, anapelekwa kukandwa. Keshokutwa anatoa damu, watu wanasema ni kuhara damu, ananunuliwa dawa dukani. Akifika hospitali, utumbo umeoza.

Usimpe dawa ya mchango. Usimkande tumbo. Usimwingizie dawa wala maji njia ya haja kubwa. Usingoje kukuche. Tena: usimpe dawa ya mchango.

Ufanye nini?
Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata usiku. Njiani usimpe chakula wala dawa. Beba nepi yenye choo chake, daktari aione. Zahanati wakikuandikia rufaa, nenda moja kwa moja. Usirudi nyumbani kushauriana na ukoo.

Hutibiwaje?
Akiwahi, palipo na vifaa madaktari huweza kuusukuma utumbo urudi kwa hewa au maji, bila kisu. Pasipo na vifaa, au akichelewa, hupasuliwa. Akichelewa sana, hufa.

Baba, mama, bibi: mtoto akilia kwa vipindi na kutapika, dawa ya mchango iacheni. Hospitali, saa hiyohiyo.