Mfinyanzi Hulia Gaeni: Somo la Kusoma na Kukusanya Vyombo vya Udongo

Katika kurasa hizi nimechagua kuwaletea somo ambalo halimo katika silabasi yetu, nalo ni ukusanyaji wa vyombo vya udongo, hasa vyombo vya maua vilivyobuniwa Italia katika karne ya 20. Najua tayari kuna anayeuliza, "Italia na Kiriaini wapi na wapi?" Swali zuri. Wamishenari wa Consolata kutoka Turin walifika Tuthu, katika Murang'a hii hii yetu, mwaka wa 1902. Kule Nyeri lipo kanisa la kumbukumbu la Waitaliano waliofia Afrika ya Mashariki wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Kwa hivyo si ajabu kitu cha Kitaliano kuonekana huku milimani.

Mimi nilianza kupendezwa na mambo haya kwa sababu ya vyombo viwili. Cha kwanza ni chombo cha maua cha buluu ambacho shangazi yangu alipewa na mwajiri wake aliyekuwa akirudi Ulaya. Cha pili ni chungu cha cucu, nyanya yangu, kinachokaa nyuma ya ghala la mahindi. Katika somo hili nitavitumia vyote viwili kama mifano.

1. MANENO KWANZA

Kwa kuwa hiki ni chama cha Kiswahili, tuanze na lugha. Chungu ni chombo cha udongo cha kupikia; Wakikuyu husema nyũngũ. (Tahadhari: dawa chungu na mdudu chungu ni mambo mengine!) Mtungi ni wa maji. Kaure ni udongo mweupe, mgumu na laini, ambao Wachina walikuwa mabingwa wake. Kipande cha chombo kilichovunjika ni kigae, na kikiwa kikubwa ni gae.

Hapo ndipo wahenga wakasema, "Mfinyanzi hulia gaeni." Maana yake ni kwamba yule anayetengeneza vyombo vizuri huviuza vyote, naye mwenyewe akala katika kipande kilichovunjika. Weka methali hii akilini, kwani ndiyo nguzo ya somo letu.

2. KUKUSANYA SI JAMBO GENI KWETU

Wako wanaodhani kwamba kupanga vyombo ukutani vitazamwe tu ni mambo ya Wazungu. La hasha! Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate, kuta za ndani zilichongwa vishimo vya mapambo viitwavyo zidaka. Humo matajiri walipanga sahani na bakuli za kaure. Hata mshairi Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyetunga Al-Inkishafi mwanzoni mwa karne ya 19, anapotaka kutuonyesha jinsi fahari ya Pate ilivyoporomoka, anatuonyesha madaka yaliyokuwa ya sahani yakiwa sasa ni malazi ya makinda ya ndege.

Tena si nyumbani peke yake. Kaburi la mnara la Mambrui, karibu na Malindi, lilipambwa kwa bakuli za Kichina. Gede, mji uliochimbuliwa na James Kirkman kuanzia 1948, ulitoa vigae vya kaure kutoka Uchina. Na ukifika Fort Jesus, Mombasa, utaona vitu vilivyotolewa baharini kutoka katika meli ya Kireno iitwayo Santo António de Tanna, iliyozama mwaka wa 1697 na kuchimbuliwa kati ya 1977 na 1980. Ngome yenyewe, kwa taarifa yako, ilichorwa na Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, ikaanza kujengwa mwaka wa 1593.

Funzo hapa ni kwamba watu wa pwani walikusanya kwa sababu ile ile ya wakusanyaji wa leo. Chombo kizuri kilichotoka mbali kilisema jambo kumhusu mwenye nyumba.

3. WAITALIANO NA CHOMBO CHA SHANGAZI

Italia ina historia ndefu ya ufinyanzi. Mji wa Faenza ulisifika hata Wafaransa wakaviita vyombo vya aina yake kwa jina la mji huo. Lakini vinavyotafutwa sana na wakusanyaji wa vitu vya kisasa ni vile vya karne ya 20, wakati wabunifu mashuhuri walipoingia viwandani. Gio Ponti, ambaye alikuwa mjenzi wa majumba, alifanya kazi na kiwanda cha Richard-Ginori tangu 1923 hadi 1930. Huko Montelupo Fiorentino, karibu na Florence, kuna kiwanda cha Bitossi kilichoanzishwa 1921. Aldo Londi alikwenda huko mwaka wa 1946, baada ya kushikwa vitani na kufungwa Afrika Kusini. Kazi yake inayojulikana zaidi ni ile iitwayo Rimini Blu. Udongo ukiwa bado mbichi, hugongwa mihuri midogo midogo ya mistari na maumbo, kisha hupakwa rangi ya buluu na kijani kama maji ya bahari. Ettore Sottsass naye alichorea kiwanda hicho hicho vyombo vya rangi kali. Ndiye pia aliyeshiriki kubuni taipureta nyekundu ya Olivetti iitwayo Valentine, mwaka wa 1969.

Jambo la kuelewa ni hili. Katika vyombo vya namna hii, anayechora ni mmoja na wanaofinyanga ni wengine. Jina la mchoraji ndilo linalopandisha bei. Mikono ya kiwandani haitajwi. Kumbe hata Italia mfinyanzi bado hulia gaeni!

Sasa tukipindue chombo cha shangazi. Chini kimeandikwa kwa mkono nambari fulani na neno "Italy". Ubavuni kina alama za kugongwa, na buluu yake imeingia katika mashimo ikawa nzito zaidi humo. Je, ni cha Londi? Tusikimbilie kusema ndiyo. Tazama neno lenyewe: ni la Kiingereza, kwani Waitaliano wenyewe husema Italia. Hivyo tunajua kwamba chombo kilikusudiwa mnunuzi wa nje. Lakini viwanda vilivyouza nje vilikuwa vingi, na kitu kikipendwa huigwa. Mkusanyaji mwangalifu hulinganisha nambari, mihuri, rangi na udongo na vyombo vingine vinavyojulikana kabla ya kutaja jina. Shangazi ameambiwa hivyo, naye ameendelea kutia maua yake bila wasiwasi.

4. MKENYA ANAYETAFUTWA NA DUNIA

Ukiwauliza wakusanyaji wa leo majina makubwa ya ufinyanzi, watakutajia Mkenya. Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka wa 1950. Alikwenda Uingereza 1971 kuendelea na masomo ya uchoraji, na huko ndiko alikokutana na udongo. Lakini sikiliza alikokwenda kujifunza: mwaka wa 1974 alifunga safari hadi Abuja, Nigeria, ambako wanawake walikuwa wakifinyanga kwa mkono kama mama zao walivyofanya. Mmoja wao alikuwa Ladi Kwali, ambaye picha yake imo katika noti ya naira 20.

Odundo hatumii gurudumu la kuzungushia udongo. Huujenga kwa mkono, huukwangua, huupaka udongo mwororo uliochujwa, kisha huusugua mpaka unang'aa wenyewe bila utando wa kioo. Moto wenye hewa ya kutosha hutoa rangi nyekundu ya machungwa. Akichoma tena huku hewa imezuiwa, chombo huwa cheusi. Vyombo vyake vimo katika makavazi makubwa, likiwemo British Museum la London, na kimoja kiliwahi kuuzwa mnadani kwa zaidi ya pauni 200,000. Mwaka wa 2020 Uingereza ilimtunuku cheo cha Dame.

Mimi nilipousoma utaratibu huo nilishangaa. Kujenga kwa mkono, kukwangua, kusugua, kuchoma: si ndiyo kazi ya wanawake wa zamani wa huku kwetu? Kwa Wakikuyu, ufinyanzi ulikuwa kazi ya wanawake. Tofauti ni kwamba jina la Odundo limeandikwa na ya wale hayakuandikwa.

5. JINSI YA KUKISOMA CHOMBO

Fuata hatua hizi, iwe ni chombo cha Italia au cha jirani yako:

(a) Omba ruhusa ya mwenyewe, kisha shika kwa mikono miwili. Usinyanyue kwa mdomo wala kwa mkono wa chombo.

(b) Pindua utazame kitako. Kitako hakipambwi sana, kwa hiyo huonyesha rangi halisi ya udongo. Cha shangazi ni chekundu chini ya ile buluu. Cha cucu ni cha kahawia, na kimekuwa cheusi kwa masizi.

(c) Gonga polepole kwa kidole. Kizima hulia, chenye ufa hutoa sauti iliyokufa.

(d) Pitisha kidole ndani. Kilichozungushwa kwa gurudumu huwa na michirizi ya mviringo iliyo sawa. Kilichojengwa kwa mkono huwa na vibonyeo vya vidole. Ndani ya chungu cha cucu kidole changu kiliingia katika kibonyeo cha kidole cha mtu mwingine, na kilikuwa chembamba kuliko changu.

(e) Tazama kama kuna utando wa kioo. Utando huo ni unga wa madini uliopakwa na kuyeyuka motoni. Chombo kisicho nao hupenyeza maji kidogo kidogo, na maji hayo yanapokauka nje huchukua joto. Ndiyo sababu maji ya mtungini huwa baridi hata juani.

(f) Usilie chakula katika chombo cha mapambo cha zamani. Rangi nyingine zilikuwa na risasi, ambayo ni sumu.

(g) Andika. Hatua hii ndiyo kubwa kuliko zote. Nani alikitengeneza, wapi, lini, kilifikaje hapa? Chombo kilichopoteza habari zake kimepoteza nusu ya thamani yake, hata kama hakina ufa.

6. CHUNGU CHA CUCU

Nilimwendea cucu na daftari. Kama kawaida yake, aliniita "mume wangu", akaniuliza kama nimeacha vitabu nikawa mnunuzi wa vyuma kuukuu. Nilipomweleza, akaketi.

Alisema chungu kile kilikuwa cha mama yake, kilinunuliwa kwa mahindi, na njahi zilizopikwa humo zilikuwa tamu kuliko za sufuria. Viwili vingine vilivunjika. Gae la kimoja ndilo wanalonywea kuku maji pale uani, nami nimelipita maisha yangu yote bila kujua kwamba mistari iliyo ukingoni mwake iliwekwa kwa makusudi.

Nikauliza, "Na aliyekifinyanga, cucu, aliitwa nani?"

Akanyamaza kitambo. "Mama alimjua," akasema. "Mimi nilikuwa mtoto. Alikuwa mwanamke mrefu, alivuka mto akija sokoni. Jina limekwenda."

Basi, ndugu msomaji, tazama hali ilivyo. Kuhusu chombo cha buluu cha Mtaliano nisiyemjua, ninaweza kupata vitabu, nambari za kiwanda na majina ya wabunifu. Kuhusu chungu kilichowalisha watu wa damu yangu nimebaki na maneno matatu: mwanamke, mrefu, mto. Sufuria na ndoo za plastiki zimechukua nafasi ya vyungu, na hilo silipingi, kwani sufuria huchemka upesi na haivunjiki. Lakini kibonyeo cha kidole kikivunjika hakirudi, na mzee akiondoka na jina, jina hilo halichimbuliwi kama Gede.

7. PENDEKEZO KWA CHAMA

Sipendekezi tununue chochote. Pesa za chama tunazijua! Napendekeza daftari moja kubwa. Kila mwanachama apeleke nyumbani maswali ya hatua ya (g), achore chombo kimoja, apime urefu na upana wa mdomo, aandike jina la Kikuyu na la Kiswahili la kila sehemu, na jina la mfinyanzi kama bado linakumbukwa. Chombo kibaki kwa mwenyewe. Wala tusifukue makaburi au magofu, maana vitu vya kale vinalindwa na Sheria ya Makavazi na Turathi ya Taifa ya mwaka wa 2006.

Wahenga pia walisema, "Udongo uwahi ungali maji." Wazee wetu wangalipo. Tuwahi.

MASWALI NA KAZI YA NYUMBANI

1. Eleza tofauti kati ya chungu, mtungi, kaure na gae.
2. Kwa nini neno "Italy" chini ya chombo halitoshi kumtambulisha aliyekitengeneza?
3. Eleza jinsi mtungi unavyopoza maji.
4. "Mfinyanzi hulia gaeni." Jadili methali hii ukitumia mifano miwili kutoka katika somo.
5. Muulize mzee mmoja wa kwenu jina la mfinyanzi yeyote anayemkumbuka. Uliandike kabla ya kulala.