Nasibu, Uamuzi na Kifo cha Askari katika Michezo ya Kompyuta ya Mbinu za Vita: Ulinganishi wa Mchezo wa 1994 na wa 2012

1.0 Utangulizi

Michezo ya kompyuta ya mbinu za vita inayochezwa kwa zamu imerithi kanuni ya sataranji: upande mmoja hutenda, mwingine husubiri. Tofauti na sataranji, hata hivyo, michezo hii huingiza nasibu na humficha adui. Makala hii inalinganisha UFO: Enemy Unknown (1994), uliobuniwa na ndugu wawili Waingereza, Julian na Nick Gollop, na XCOM: Enemy Unknown (2012), uliotengenezwa na kampuni ya Firaxis ya Marekani chini ya uongozi wa Jake Solomon. Kisa chao ni kimoja: kikosi cha askari kinailinda dunia dhidi ya wavamizi kutoka anga za juu, na askari akifa harudi. Wako wanaouona mchezo wa pili kuwa ni ule wa kwanza uliopunguzwa. Hoja ya makala hii ni kwamba kilichobadilika si wingi wa kanuni tu, bali ni mahali mashaka yanapokaa, na kwa hiyo maana ya hasara yenyewe.

2.0 Matumizi ya Zamu

Katika mchezo wa 1994, kila askari hupewa vizio vya muda. Kupiga hatua, kugeuka, kupiga magoti na kufyatua risasi vyote hugharimu vizio hivyo, na vinavyobaki humwezesha askari kumfyatulia adui anayejitokeza katika zamu ya upande wa pili. Kwa kuwa ndege ya kikosi hubeba hadi askari 14, zamu moja huwa hesabu ndefu ya matumizi na akiba.

Mchezo wa 2012 umeifuta hesabu hiyo. Askari ana vitendo viwili tu, na kwa kawaida kufyatua risasi humaliza zamu yake. Kikosi huanza na watu 4, na kikipanuliwa hufikia 6. Uchache huu una matokeo yake: kosa la askari mmoja halifidiwi kwa wingi wa wenzake. Kwa hiyo, kupunguzwa kwa kanuni hakukupunguza uzito wa uamuzi.

3.0 Mahali pa Nasibu

Tofauti kubwa zaidi imo katika risasi. Katika mchezo wa 1994, risasi ni kitu kinachosafiri. Ikimkosa adui huendelea na safari yake, na huweza kubomoa ukuta au kumwua askari wa kikosi hicho hicho. Adui naye hutembea gizani bila kuonekana, na huweza kumwua askari kabla mchezaji hajajua alipo.

Katika mchezo wa 2012, matokeo ya risasi huamuliwa kwanza kwa bahati nasibu, kisha picha hufuata. Mchezaji huonyeshwa asilimia ya kufaulu kabla ya kufyatua. Maficho nusu huipunguza kwa pointi 20, na maficho kamili kwa pointi 40. Maadui nao, mara nyingi, hawashambulii mpaka kundi lao ligunduliwe. Hatari hutangazwa, na mchezaji huikubali au huikataa.

4.0 Hitimisho

Ulinganishi huu unaonyesha kwamba katika mchezo wa kale kifo cha askari huweza kuwa ajali isiyo na mwenyewe, ilhali katika mchezo mpya huelekea kurudi kwa mchezaji, aliyeiona asilimia na kuiridhia. Wa kwanza hufundisha kuishi na usiyoyajua. Wa pili hufundisha kuwajibika kwa unayoyajua. Si ajabu kwamba Julian Gollop, katika Phoenix Point (2019), aliirudisha risasi inayosafiri huku akipokea mengi ya usahili wa 2012. Yeye mwenyewe, inaelekea, hakuona kuwa njia moja imeibatilisha nyingine.